Chai ya Bomet ina mnada Mombasa, samaki wa miamba yetu hana bei ufuoni

Kila wiki chai ya Kericho na Bomet huteremka hadi Mombasa kupigwa mnada. Bei hutangazwa, wanahabari huziandika, na mkulima aliye zaidi ya kilomita mia saba kutoka baharini akitaka kujua kilo imeuzwa dola ngapi, atajua. Akilalamika, na huku hulalamika sana, analalamika akiwa na tarakimu mkononi. Miaka hii ya karibuni, kila bonasi inapotoka, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa huuliza kwa sauti kwa nini wenzao wa mashariki wanalipwa zaidi. Jibu huenda lisiwaridhishe, lakini swali wanalo.

Kutoka upande wetu kuna bidhaa inayopanda barabara hiyo hiyo, nayo haina mnada wala bei inayojulikana ufuoni. Ni samaki hai wa mapambo, wanaovuliwa mmoja mmoja kwenye miamba kuanzia Shimoni hadi Kilifi, wakatiwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wakapangwa kwenye masanduku na kusafirishwa. Wengi hupandishwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Wachache huishia Nairobi, na wachache zaidi hufika mahali ambapo hungetarajia.

Mimi ni mzaliwa wa Pwani ninayefundisha Ndanai, huko Sotik katika Kaunti ya Bomet. Ukitaja bahari huku, watu hukumbuka safari moja ya shule au harusi ya jamaa. Kwa hiyo nilistaajabu nilipomkuta samaki wa miamba yetu sebuleni kwa jirani yangu, mzee mwenye duka la dawa za mifugo. Tangi la kioo la lita kama mia tatu, taa ya buluu juu yake, mawe yamepangwa ndani, na juu ya jiwe la juu kabisa amekaa samaki mmoja wa urefu wa kiganja, uso umejaa vitone vyekundu kama aliyenyunyiziwa rangi, kila jicho likizunguka kivyake.

“Mwalimu,” mzee akaniambia, “huyu ni mtu wa kwenu. Msalimie.”

Aliniambia alimnunua Nairobi kwa bei ya mbuzi dume mzuri, na kwamba muuzaji alimhakikishia samaki ametoka Pwani ya Kenya. Hilo ni jambo la kuaminika, kwa sababu samaki huyu anaishi kwenye miamba yetu tangu kusini hadi kaskazini. Mvuvi wa madema humwona na kumpita, kwa kuwa ni mdogo na hajazi sahani. Wazungu wamemwita kwa jina la mwewe, nami nitamwita samaki mwewe, maana jina linamfaa sawasawa.

Mwewe wa angani hukaa juu ya mti mkavu akatazama chini. Huyu naye hukaa juu ya tumbawe akatazama. Hana ule mfuko wa hewa tumboni unaowawezesha samaki wengine kuelea bila kazi, hivyo akiacha kupiga mapezi anazama. Lakini Mola amempa mapezi ya kifuani ambayo miale yake ya chini ni minene kama vidole, na kwa hiyo hushika jiwe hata bahari ikichafuka wakati wa kusi. Anatulia hapo muda mrefu. Akipita kamba mdogo, kaa au kisamaki kilichosahau njia, anaruka mara moja, anameza, anarudi kituoni pake. Huyu wa uso wenye vitone anaweza kufika karibu sentimita ishirini na mbili, na kwa kisamaki kinachokaa jirani yake kwenye tumbawe hilo hilo, huyo ni mfalme.

Jambo la pili ni ndoa yake. Samaki hawa huanza maisha wakiwa majike, na wengine hugeuka kuwa madume wanapokua. Dume mmoja hulinda eneo la matumbawe lenye majike kadhaa. Dume akiondoka, jike mkubwa huchukua nafasi yake, ila si kwa siku moja. Na kila mmoja ana kituo chake. Chukua samaki watatu wakubwa kutoka jiwe moja asubuhi moja, umevunja nyumba nzima. Chukua watatu hao kutoka mawe matatu yaliyo mbali, huenda miamba isitambue kitu.

Nimekaa juu ya tabia za samaki mmoja kwa sababu ndizo zinazoonyesha palipo na kasoro katika jinsi tunavyoisimamia biashara hii. Uvuvi wetu wa kawaida tunauhesabu kwa uzito. Changu, tafi na pono wanapimwa, tani zinaandikwa, kaunti inajigamba. Samaki wa mapambo wao huhesabiwa kwa kichwa, na hesabu yenyewe hufanyika mwisho wa safari, kwenye karatasi za kusafirishia nje. Karatasi hizo zinaonyesha ni wangapi waliopanda ndege. Hazionyeshi walichukuliwa jiwe gani wala wangapi walikufa kabla ya kufika kiwanja. Kwa samaki anayeishi na kufa kwenye tumbawe moja, hayo ndiyo maswali yenye maana, na majibu yake hayapatikani Nairobi. Yako ufuoni.

Turudi Ndanai kidogo, kwa sababu tangi la mzee lilinifundisha jambo ambalo sikulipata kwenye mikutano ya uchumi wa samawati.

Kumweka samaki huyu hai ni kazi kubwa kuliko kumvua. Maji ya bahari yana gramu kama thelathini na tano za chumvi kwa kila lita, na si chumvi ya ugali. Chumvi tunayoivuna Gongoni na Marereni kwa kuanika maji juani ni ile ya jikoni. Magnesi na madini mengine mengi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa baada ya chumvi kuganda. Samaki wa miamba hawezi kuishi kwa chumvi ya jikoni peke yake. Kwa hiyo mzee hununua ndoo za chumvi maalumu iliyochanganywa madini yote, na lita mia tatu zinakula zaidi ya kilo kumi kabla hujaanza kubadilisha maji. Tazama kichekesho chake: samaki ni wetu, mashamba ya chumvi ni yetu, lakini mchanganyiko wa kumweka hai samaki wetu tunaununua dukani kwa wengine.

Maji yenyewe anakinga ya mvua, maana nchi ya chai haikosi mvua. Alianza kwa kukinga kwenye mabati, mpaka mtu aliyejua mambo haya akamwonya kwamba mabati mapya yana zinki, na zinki ni sumu kwa viumbe vya baharini, hasa kamba na matumbawe. Sasa anatumia karatasi ngumu za plastiki.

Kisha kuna bakteria. Kinyesi cha samaki hutoa amonia ambayo humuua mwenyewe. Kwenye mawe lazima waote bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Hilo huchukua wiki nne hadi sita, tangi likiwa limejaa maji na halina samaki. Mzee alingoja wiki saba. Watoto wa mtaa walidhani amechanganyikiwa, kuwasha taa na pampu kwa ajili ya mawe.

Na kuna hewa. Sehemu kubwa ya nchi ya chai iko juu ya mita 1,700. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na usawa wa bahari. Baridi ya huku ingesaidia, kwa kuwa maji baridi hushika oksijeni zaidi, lakini samaki wetu anataka nyuzi ishirini na tano au sita, kwa hiyo maji lazima yapashwe moto usiku na mchana. Stima ikipotea, na huku hupotea, pampu husimama na maji huanza kupoa. Usiku ule wa Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani, mwenye tangi kama hili asiye na betri alikuwa na saa chache tu za kufanya jambo. Mzee ana pampu ndogo ya betri na jenereta ya duka la dawa.

Mwisho ni tabia. Alijaribu kumwekea samaki mwewe wenzake wawili wadogo na kamba wa rangi. Kamba hakumaliza wiki. Tangu hapo samaki anakaa peke yake, anapewa vipande vya kamba na samaki kwa mkono, na juu ya tangi pamefunikwa wavu, kwa sababu samaki hawa huruka. Wengi hufa sakafuni, si majini.

Nilipotoka pale nilikuwa na wazo moja, nalo ndilo linalonifanya niandike. Thamani ya samaki hai haiko katika kumkamata. Iko katika kila saa anayoendelea kuwa hai baada ya kukamatwa. Aliye na ujuzi wa kumweka hai ndiye anayelipwa. Sisi Pwani tumejiweka kwenye sehemu ya kwanza ya safari, ile ya saa moja, na tumewaachia wengine saa zote zilizobaki.

Takwimu za dunia zinasema hivyo hivyo. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2003 ilikadiria kuwa samaki kati ya milioni 20 na 24 wa baharini huuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi, wa aina 1,471, na biashara nzima ya viumbe vya baharini vya mapambo ikawa na thamani ya dola kati ya milioni 200 na 330 kwa mwaka. Ripoti hiyo ilitoa mfano wa Maldivi, majirani zetu wa Bahari ya Hindi: mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, na kilo moja ya samaki wa kula dola 6. Tarakimu hizi zina umri sasa, lakini tofauti ya aina hiyo haifutiki kwa miaka ishirini.

Kuna watakaosema: vizuri basi, tuvue zaidi. Hapo ndipo samaki mwewe anapotudanganya. Yeye ni mgumu. Anakula chochote cha nyama, hapati maradhi kirahisi, anavumilia safari. Mtu akimwona tangini Ndanai baada ya mwaka, ananenepa, atasema biashara hii haina ubaya. Lakini samaki aliyebaki hai ndiye anayeonekana. Wale vipepeo wa rangi ya manjano wanaokula nyama ya matumbawe peke yake hufa njaa tangini hata ukiwatupia karamu. Yule mdogo mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, anayewasafisha wenzake wadudu na ngozi iliyokufa, naye hudhoofika kwa kukosa wateja. Na huyo akiondolewa mwambani, si yeye tu aliyeondoka. Samaki wakubwa waliokuwa wakija kusafishwa, wakiwemo chewa na changu tunaowategemea kwa kitoweo, wamekosa daktari wao.

Malalamiko ya wavuvi wetu kuhusu jambo hili si mageni. Kwa miaka mingi wavuvi wa madema na mishipi wamesema kwamba wapiga mbizi wa samaki wa mapambo, wengine wakiwa na mitungi ya hewa, huingia kwenye miamba yao, huwatisha samaki na kuvunja matumbawe wanapomfukuza aliyejificha. Wapiga mbizi nao, wengi wao vijana wa vijiji hivyo hivyo, hujibu kwamba wana leseni, kwamba neti zao ni ndogo, na kwamba anayekokota juya anaharibu zaidi yao kwa siku moja kuliko wao kwa mwezi. Nimewasikiliza wote wawili kila likizo, na kila upande una ukweli wake. Kasoro ni kwamba hakuna daftari la kuwaamua.

Mpiga mbizi mmoja wa kwetu alinieleza mwezi wa Desemba jinsi anavyolipwa. Ni kwa kichwa, kulingana na aina na oda iliyopo. Akileta samaki ambaye hakuagizwa, hurudishwa au huchukuliwa kwa bei ya huruma. Samaki akifa kabla ya kukabidhiwa, hasara ni yake. Nikamuuliza kama anajua samaki mwewe anauzwa Nairobi kwa bei gani. Akacheka, akasema, “Kaka, mimi hata Nairobi sijafika.” Mkulima wa chai wa Bomet hajafika London, lakini bei anaijua.

Kisheria tuko katika hali ya vyombo viwili na nahodha mmoja asiyejulikana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya uvuvi chini ya kilimo, na papo hapo inaipa serikali kuu ulinzi wa mali asili, uvuvi ukitajwa kwa jina. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Uvuvi ya Kenya, na vibali vya kusafirisha samaki hai hutoka serikali kuu. Ufuoni kuna kamati za usimamizi, hizi tunazoziita BMU, zilizopewa kanuni tangu 2007. BMU inajua nani ameshuka majini leo na ameshuka wapi. Serikali kuu inajua nani amesafirisha nini. Watu hawa wawili hawakai meza moja, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayejua ni samaki wangapi waliotolewa mwamba wa Mkwiro au wa Msambweni tangu mwaka uanze. Taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, ipo hapo Mkomani, na wataalamu wake wameichunguza biashara hii. Ujuzi haukosekani. Kinachokosekana ni njia ya kuuteremsha hadi bandani ambako samaki hukabidhiwa.

Novemba 2018 Nairobi iliandaa mkutano mkubwa wa dunia wa uchumi wa samawati. Tulisikia kuhusu meli, bandari, tuna, gesi na mwani. Sikumbuki mtu wa Pwani aliyesimama kuuliza habari za masanduku ya samaki hai yanayopita Moi na Jomo Kenyatta. Labda kwa sababu ni mdogo mno, yuko ndani ya mfuko, na hanuki.

Wapo waliokwisha kuamka. Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wanakijiji walianzisha chama chao mwaka 2003, na miongoni mwa sababu walizotaja ni uvuvi uliopita kiasi na ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi. Mwaka 2005 wakafunga eneo la hekta 30 za bahari, bila kungoja mtu kutoka Nairobi. Wazee walibishana sana, maana kufunga mwamba ni kufunga jiko la mtu. Leo wageni hulipa kuogelea mahali hapo na kuangalia samaki wale wale ambao zamani walitiwa mifukoni.

Nje ya kwetu, Hawaii walipita njia hiyo kwa sheria. Mwaka 1998 bunge lao lilitaka angalau asilimia 30 ya pwani ya magharibi ya kisiwa kikubwa ifungwe kwa wakusanyaji wa samaki wa mapambo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2000 maeneo tisa yalikuwa yamefungwa. Yule kangaja wa manjano, aliyekuwa akiuzwa kuliko wote, aliongezeka ndani ya maeneo hayo. Bado watu walibishana, na mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba vibali haviwezi kutolewa bila kupima kwanza athari kwa mazingira. Sisemi tuige Hawaii. Wao wana wanasheria wengi kuliko sisi tulivyo na mitumbwi. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba walianza kwa kuuliza samaki yupi, kutoka wapi.

Kwetu swali hilo lina haraka zaidi kwa sababu ya joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya yaligeuka meupe na kufa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika wimbi la nne la matumbawe kuwa meupe. Matumbawe yenye matawi, yale ambayo samaki mwewe hupenda kukaa juu yake, ndiyo hutangulia kufa. Mwamba uliopoteza nusu ya vituo vyake hauwezi kutoa idadi ile ile ya samaki uliyotoa zamani, hata leseni zikibaki zile zile. Na samaki huyu hatuwezi kumzalisha kama kuku. Vitoto vyake huelea bahari kuu kwa wiki nyingi kabla ya kurudi mwambani, na kwa sababu hiyo karibu wote wanaouzwa duniani wametoka baharini moja kwa moja. Yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari meupe, anayeishi ndani ya ua la bahari, amekwisha kuzalishwa matangini kwa miaka mingi. Huyo kijana wa Kwale anaweza kumfuga na kumuuza bila kugusa mwamba, akifundishwa yale ambayo mzee wa Ndanai amejifundisha mwenyewe kwa majaribio: chumvi, bakteria, joto, hewa.

Mimi sipendekezi kupiga marufuku. Marufuku itawafukuza vijana wenye leseni na kuwabakiza wasio nazo. Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Kila banda la kukabidhia samaki wa mapambo liwe na daftari la BMU, na hakuna samaki anayetoka kabla ya kuandikwa: aina, idadi, jina la mwamba alikotoka, bei aliyolipwa mpiga mbizi, na waliokufa kabla ya kukabidhiwa. Nakala iende kaunti kila mwezi, na kibali cha kusafirisha kisitolewe kama tarakimu za muuzaji nje hazifanani na za ufuoni. Bei zibandikwe ukutani kama zinavyobandikwa za chai. Mwamba ukionyesha samaki wakubwa wameisha, BMU iufunge kwa msimu mmoja na kuhamia mwingine, jambo ambalo wazee wetu walilifanya kwa desturi kabla ya kuwepo neno leseni.

Wauzaji watasema ni usumbufu. Watasema pia kwamba bei ni siri ya biashara. Hoja hiyo ya pili naielewa, ila mnada wa Mombasa unauza chai ya nchi kadhaa za Afrika bila siri hiyo, na wanunuzi hawajakimbia.

Kuhusu aina za kuanzia, nisingeanza na samaki mwewe. Yeye anaweza kuvuliwa kwa kiasi, mmoja kwa jiwe, akauzwa kwa mtu anayejua atamweka peke yake na atamfunikia tangi. Ningeanza na wale wasioishi tangini, yaani vipepeo wanaokula matumbawe na yule msafishaji wa buluu. Hao wawili mawakilishi wa wadi za pwani ya Kwale na Kilifi wanaweza kuwajadili na BMU zao mwaka huu huu na kuomba Huduma ya Uvuvi iwaondoe katika orodha ya wanaoruhusiwa kusafirishwa.